Milimita Moja ya Chuma: Unafuu wa Vifaa vya Ujenzi Eastlands

Kutoka Athi River, kunakosagwa sehemu kubwa ya simiti inayojenga Nairobi, hadi Utawala ni mwendo usiofika saa moja siku ambayo Barabara ya Mombasa haijafungamana. Hata hivyo mfuko wa kilo 50 ukitoka kiwandani hupita kwa msambazaji, ukaenda kwa muuzaji wa jumla, ukafika hadiwea ya mtaani, na mara nyingi ukapakiwa tena kwenye kanta au mkokoteni kabla ya kutua kwenye ploti. Kila mkono huongeza chake. Ndiyo maana mtu anayejenga Kayole au Ruai akisikia kuna mahali mfuko umeshuka shilingi 20, yuko radhi kupanda matatu mbili kwenda kuuliza.

Naiheshimu jitihada hiyo. Pesa za ujenzi Eastlands, huku mashariki mwa Nairobi, ni pesa za jasho, zilizotoka kwenye chama, kwenye mkopo wa sako, kwenye kibanda cha mboga. Lakini tupige hesabu. Nyumba ya mawe ya vyumba viwili vya kulala ikitumia mifuko 200, punguzo la shilingi 20 ni shilingi 4,000 tu. Nyumba hiyo hiyo inaweza kupoteza mara kadhaa ya pesa hizo kwa shehena moja ya vyuma vyembamba na lori moja la mchanga ambalo halikujaa, na mwenyewe asijue hata siku moja. Mjenzi wa Eastlands hutumia nguvu zake zote kupigania bei, ilhali anakoibiwa ni kwenye kipimo.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Kaloleni na Bahati zilijengwa na halmashauri ya jiji enzi za ukoloni. Makongeni ilikuwa ya wafanyakazi wa reli. Buruburu ya miaka ya 1970 ilijengwa kwa mpango mmoja mkubwa, mnunuzi akapewa nyumba iliyokamilika na mkopo wa kulipa kidogo kidogo. Katika mitaa hiyo vifaa vilinunuliwa na shirika moja, kwa wingi, na mtu wa kuvipima alikuwepo. Mambo yaligeuka Dandora. Kuanzia mwaka 1975, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, jiji lilitenga ploti zipatazo 6,000, likaweka maji, mabomba ya majitaka, choo na bafu, kisha likamwachia mwenye ploti ajenge vyumba mwenyewe. Mkopo wa vifaa ulikuwepo, lakini kwa wengi haukutosha kufika kwenye paa. Tangu hapo, kuanzia Kayole hadi Njiru na Ruai, Eastlands imejengwa zaidi na watu binafsi: chumba leo, chumba mwaka ujao, ghorofa watoto wakimaliza shule.

Ujenzi wa namna hiyo una gharama yake. Anayenunua mifuko mitano kila mwisho wa mwezi hulipa bei ya rejareja kila mwezi, na nauli ya mkokoteni kila mwezi. Hana shehena kubwa ya kumfanya muuzaji ampunguzie, na hana mhandisi wa kusimama langoni akihesabu. Yeye ndiye hasa anayehitaji kujua vipimo, na ndiye ambaye hajawahi kufundishwa.

Nianze na chuma, maana hapo ndipo hasara inajificha vizuri zaidi. Chuma cha nguzo na slebu huuzwa kwa kipande cha mita 12, na huitwa kwa unene wake: nane, kumi, kumi na mbili, kumi na sita. Uzito wake haubahatishwi. Kipande cha milimita 8 kinapaswa kuwa na kilo 4.7 hivi, cha 10, kilo 7.4, cha 12, kilo 10.6 au 10.7, cha 16, karibu kilo 19. Viwango huruhusu asilimia chache kupungua au kuzidi. Sasa chukua chuma kinachoitwa kumi na mbili lakini chenye milimita 11. Kwa macho huwezi kuona tofauti, hasa kikiwa na zile mbavu zake. Ukikiweka kwenye mizani utapata kilo 9 kasoro. Milimita moja imeondoka na asilimia 16 ya chuma, kwa kuwa uzito hufuata mraba wa unene. Ukinunua vipande 100 vya aina hiyo, ni kama vipande 16 havikuletwa kabisa, na kipande kimoja cha kumi na mbili kinauzwa zaidi ya shilingi elfu moja. Muuzaji aliyekupunguzia shilingi 50 kwa kila kipande amekupa 5,000 kwa mkono mmoja na kuchukua zaidi ya 16,000 kwa mwingine.

Dawa yake ni rahisi. Mizani ya kuning'iniza, ile ya wanunuzi wa vyuma chakavu Kariobangi, inatosha. Beba mizani hiyo, au uliza bei kwa kilo badala ya kwa kipande. Mwenye hadiwea mwaminifu hatakasirika. Atakayekufukuza amekwisha kukujibu. Pima na urefu pia, kwani kuna vipande vinavyokatwa vikabaki mita 11 na kitu, na kile kidogo kilichokatwa huuzwa kama ringi.

Mchanga una ujanja wa aina nyingine. Mchanga wa mto unaoingia Eastlands hutoka upande wa Machakos, Kajiado na Makueni, na safari yake imekuwa ghali zaidi kadiri kaunti zilivyoanza kuilinda mito yake. Makueni ilipitisha sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, na ilikuwa na haki, kwa sababu mto uliokombwa mchanga haushiki maji na kisima cha kijiji hukauka. Ushuru wa kaunti kwa kila lori, mafuta, na mvua za Machi hadi Mei zinazoziba njia za mitoni, vyote huishia kwenye bei ya mjenzi. Lakini kabla ya kulalamikia bei, muulize dereva tani ngapi amebeba, kisha pima bodi la lori kwa futikamba. Tuseme bodi lina urefu wa mita 5, upana wa mita 2.3, na mchanga umefika kimo cha sentimita 90. Hizo ni mita za ujazo 10.35. Mita moja ya ujazo ya mchanga ina takriban tani 1.6, kwa hiyo lori lina tani 16 na nusu. Kama umeuziwa 18, tani moja na nusu imebaki machimboni, au imeshushwa kwa mtu mwingine njiani. Mchanga wenye unyevu huvimba na kujaza bodi bila kuongeza kitu. Ukinunua kwa uzito, unalipia maji.

Tena mchanga wa bei ya chini mara nyingi ni mchanga wenye udongo. Weka kiasi kwenye chupa ya plastiki, tia maji, tikisa, acha saa chache. Udongo utakaa juu ya mchanga kama tabaka. Tabaka hilo likizidi sehemu 8 kwa 100 za mchanga, rudisha lori, maana plasta itapasuka na fundi ataongeza simiti ili kufidia. Simiti hiyo ndiyo bei halisi ya mchanga ule wa nafuu. Kwa kazi nyingine, kama zege ya sakafu, vumbi la mawe kutoka machimbo ya Katani na Mlolongo linaweza kuchanganywa na mchanga wa mto na kupunguza gharama, mradi mchanganyiko uamuliwe na mtu anayejua.

Kwa mawe ya kuta, yawe ya Ndarugo au ya Njiru, kosa kubwa ni kutojua idadi. Mita moja ya mraba ya ukuta wa mawe ya inchi tisa hula takriban futi 13. Pima urefu wa kuta zote, zidisha kwa kimo, toa milango na madirisha, kisha zidisha kwa 13. Ukuta wa nje wa mita 30 wenye kimo cha mita 2.7, ukitoa mita 10 za mraba za nafasi za wazi, unahitaji futi 920 au 930, na ongeza kidogo kwa yanayovunjika. Ukiambiwa lete 1,300, uliza zile nyingine ni za nyumba ya nani. Kuta za ndani zisizobeba slebu zinaweza kuwa za mawe membamba ya inchi sita. Huo ni unafuu wa kweli usiodhuru mtu.

Mabati hupotosha watu kwa namba. Geji 32 ni nyembamba kuliko 30, na 30 ni nyembamba kuliko 28. Mnunuzi mgeni hudhani namba kubwa ni bati kubwa, na wako wauzaji wasiomsahihisha. Soma maandishi yaliyopigwa kwenye bati lenyewe, si kwenye risiti.

Kuna gharama moja ambayo hakuna duka linaloiuza kwa punguzo. Embakasi, Utawala na sehemu kubwa ya Ruai ziko juu ya udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Msingi wa kweli huchimbwa hadi udongo huo uishe, kisha pakajazwa mawe na murramu. Wengi hununua mawe ya kuta kwanza, kwa kuwa wameyapata rahisi, ndipo wachimbe na kukuta pesa zote zinahitajika chini ya ardhi. Shimo la kujaribu, la kazi ya siku moja ya vijana wawili, lingewaambia mapema. Na ndiyo sababu matofali ya kushikana yanayofyatuliwa kwa udongo na simiti kidogo, ambayo husifiwa kila mahali kama njia ya kupunguza gharama, hayajawa rahisi sana upande huu wa jiji: udongo mweusi haufai, na mwekundu unaofaa lazima uletwe kwa lori.

Sasa vifaa vilivyotumika. Hapa nina maoni mazuri kuliko wahandisi wengi. Nairobi hubomolewa kila mwaka: barabara zikipanuliwa, nyumba kuukuu za jiji zikipisha maghorofa, majengo ya kando ya mito yakiangushwa kama ilivyotokea mwaka 2018. Kutoka humo hutoka milango ya mbao ngumu ambayo hadiwea haina tena, vigae vya udongo, masinki ya kauri, madirisha ya chuma kizito. Mlango wa zamani wa mvule au mninga ukipigwa randa hukaa miaka mingi kuliko mpya wa mbao laini. Mbao za kumwagia slebu, zile sita kwa moja na nguzo zake, hakuna sababu ya kuzinunua mpya kama jirani anamaliza kumwaga wiki hii. Zing'oe misumari, zihesabu, zibebe. Gikomba nako bado kuna mbao za kila saizi, ingawa soko hilo limeungua mara nyingi na wafanyabiashara wake wameanza upya mara nyingi vilevile.

Mbao zilifundisha mji huu somo gumu. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na marufuku hiyo ikaendelea kwa miaka. Bei zilipanda, na mbao za msonobari kutoka Tanzania zikajaza maduka. Waliokuwa na mapaa ya kuezeka mwaka ule walijua maana ya kuhifadhi mbao kuukuu. Rais Ruto alitangaza kuiondoa marufuku hiyo Julai 2023, jambo lililopingwa na watetezi wa mazingira, na mimi siwezi kuwalaumu wanaotaka msitu ubaki, wala fundi seremala anayetaka kazi.

Chuma kilichotumika ni jambo jingine, na hapo nasema hapana. Mwezi Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa sababu milingoti ya umeme ilikuwa ikiangushwa na kuuzwa. Biashara ilirejea baadaye kwa leseni. Mtu akikuletea chuma usiku bila karatasi, unanunua kesi. Hata kikiwa halali, chuma cha nguzo kilichopindwa na kunyooshwa kimekwisha kuchoka. Kifae kwa uzio au kwa banda la kuku, kisifae kwa nguzo inayobeba watu.

Eastlands inajua kwa nini. Aprili 2016 jengo la ghorofa liliporomoka Huruma usiku wa mvua na kuua makumi ya watu. Lilikuwa kando ya mto na halikuwa na idhini. Desemba 6, 2019 likaporomoka lingine Tassia, Embakasi, watu wakiwa ndani. Jengo huanguka kwa sababu nyingi zilizokutana, na si haki kudai kila jengo liliangushwa na chuma chembamba. Lakini ukikaa mtaani ukaona ghorofa zinavyopanda Pipeline, zikibanana hadi jua halifiki chini, huwezi kuacha kuuliza kila slebu ilimwagwa kwa kipimo gani. Wapangaji wanaolala ndani hawakuchagua simiti wala chuma. Mwenye jengo alipookoa shilingi, hatari aliwaachia wao.

Kwa hiyo unafuu una mpaka, na mpaka wenyewe ni wazi. Simiti ya nguvu 42.5 ni ya nguzo na slebu. Kuitumia kupiga plasta ni kupoteza pesa, na hapo 32.5 inatosha kabisa. Kinyume chake ni hatari. Simiti iliyokaa dukani zaidi ya miezi mitatu hupungua nguvu hata kama mfuko haujaguswa, kwa hiyo punguzo kubwa la ghafla lazima likufanye ubonyeze mfuko kutafuta mabonge. Na maji: fundi akiongeza maji ili zege iteleze vizuri, amedhoofisha simiti nzuri bila kuiba hata kijiko. Nyaya za umeme nazo zisiguswe na tamaa ya bei. Wengi wetu huoga kwa shawa ya umeme inayovuta moto mwingi, na waya bandia wenye shaba ya kupakwa juu tu huungua ndani ya ukuta ambako hakuna anayeuona. Rangi, vigae vya mwisho wa shehena, vitasa, tangi la maji, taa: hapo zunguka maduka ya Nyamakima siku nzima ukitaka, piga bei hadi muuzaji aone huruma.

Kuna mtu ambaye sijamtaja, naye ni fundi. Mara nyingi mwenye nyumba yuko kazini mjini. Fundi anampigia simu, anamtajia orodha, anampa namba ya hadiwea, na pesa zinaenda kwa M-Pesa. Hadiwea nyingi humpa fundi kitu kidogo kwa kumleta mteja. Simwoni kama mwizi. Fundi hulipwa kwa siku, siku nyingine hakuna kazi, na kile kidogo ndicho nauli yake. Lakini kinamfanya aagize zaidi na aagize huko huko. Heri kumlipa vizuri kwa kazi, tena wazi, na kununua mwenyewe, kuliko kumlipa vibaya na kumwachia manunuzi. Vijana wa mtaa wanaodai ada ya kushusha mawe na mchanga ni mzigo wa aina hiyo hiyo. Ukiijua ada yao kabla lori halijafika, unaweza kuiweka kwenye hesabu.

Njia ambayo ingeokoa zaidi ni kununua pamoja, na haitumiki vya kutosha. Trela la kawaida hubeba tani 28, yaani mifuko 560. Hakuna mjenzi mmoja wa Mihang'o anayehitaji mifuko 560 kwa mpigo, lakini majirani watano wanaomwaga misingi mwezi mmoja wanaihitaji, na kwa kiasi hicho msambazaji hufungua mlango ambao humfungia mnunuzi wa mifuko mitano. Hili halihitaji kubuniwa upya. Dandora ya miaka ya 1970 ilikuwa na vikundi vya ujenzi vilivyochanga na kujengeana vyumba kwa zamu. Leo kila mtaa una vyama vya kununua viti, vya mazishi, vya kuzungushiana pesa. Chama cha kununua chuma kwa kilo na mchanga kwa mita za ujazo kingetumia daftari lile lile. Ugumu wake ni kwamba lazima wote wawe tayari kumwaga kabla simiti haijazeeka, na hilo linataka nidhamu kuliko linavyotaka pesa.

Serikali nayo ina mkono wake. Vifaa vingi hulipiwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, na Sheria ya Fedha ya 2023 iliongeza ushuru wa asilimia 17.5 kwa klinka na baadhi ya bidhaa za chuma zinazotoka nje, kwa nia ya kulinda viwanda vya hapa. Anayejenga chumba kimoja Kayole analipa kama anayejenga jumba la kifahari Kilimani. Wakati huo huo mishahara hukatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba za bei nafuu ambazo wajenzi wengi wa Eastlands hawatazipata, ilhali wao wenyewe ndio wamejenga sehemu kubwa ya makazi ya upande huu bila kuombwa.

Sidhani kodi hizo zitaondolewa karibuni. Lipo jambo dogo linalowezekana mapema zaidi. Kenya ina Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, na maofisa wake hukagua mizani za dukani na pampu za petroli. Bodi la tipa linaweza kupimwa mara moja na kuandikwa ubavuni mita zake za ujazo. Chuma kinaweza kuuzwa kwa kilo. Kila hadiwea kutoka Jogoo Road hadi Kangundo Road huchukua kibali cha biashara cha kaunti kila mwaka. Kuongeza sharti la mizani ya vyuma kwenye kibali hicho kungemgharimu mwenye duka bei ya vipande vichache vya kumi na mbili.